Pengo Kati ya Mhunzi na Kanisa

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya kuhudumia wazee lilikuwa hili: nilimjengea bibi yangu nyumba katika kijiji cha Uingereza ambacho sijawahi kukikanyaga, na kijiji hicho kikakaribia kuiingiza nyumba hiyo katika historia yake.

Nitafika huko. Kwanza nijue kama mmeshamaliza kucheka. Pale ukumbini Oxon Hill, hapa Maryland, yule mama msimamizi wa mafunzo yenu aliponitambulisha kwenu kuwa ni mstaafu, kijana wa mstari wa nyuma aliuliza nimestaafu shule gani. Nina miaka thelathini na minne. Kilichostaafu ni mgongo. Pingili mbili zimesagika, daktari amenikataza kunyanyua mtu, na kuhudumia wazee bila kunyanyua mtu ni kama kuosha vyombo bila kugusa maji. Basi mimi ni mzee wenu katika jambo hili moja, na kwa kuwa wengi wenu mnaanza kazi mwezi huu, nawaandikia yale ambayo kozi haiwaambii.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Shifti ikianza saa moja asubuhi, saa kumi na mbili nilikuwa nimeshaegesha gari, nimekaa ndani nikirudia kichwani jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumchubua ngozi. Shuka nilizikunja mpaka pembe zikakaa kama za bahasha, halafu nikazikunjua nikaanza upya. Kozi ilikuwa fupi, kwa hiyo mengine nilijifundisha mwenyewe chumbani kwa kutazama video, nikifanya mazoezi na gunia la mchele nililolivika shati. Mkongomani niliyepanga naye chumba alinikuta siku moja nimelishika gunia kiunoni, nikiliomba taratibu liweke mguu wa kulia mbele. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ndugu, ile mufuko inakujibuaka?"

Halikunijibu, lakini lilinifundisha hili, nanyi lishikeni: usimvute mzee. Simama upande wake dhaifu, nyuma yake kidogo, kiganja chako kikiwa wazi chini ya chake. Akitaka kukushika atakushika mwenyewe. Ukimshika wewe, anahisi amekamatwa.

Mengine yote nilifundishwa na Mama Njeri, Mkenya wa Nyeri, aliyekuwa akimhudumia bibi mmoja kwenye ujia mmoja na mteja wangu, katika jengo la wazee kule Greenbelt. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa darasa la pili. Alitembea polepole, aliongea haraka, na kila kosa langu alilijua kabla sijalimaliza.

Mteja wangu alikuwa Mzee Alfred, Mwingereza aliyekuja Marekani kijana kufanya kazi ya kutengeneza vyombo vya kupimia, akaoa hapa, akafiwa hapa, na sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimrudisha alikotoka. Asubuhi alikuwa mtu mtulivu na mcheshi. Chai yangu ya kuchemsha na maziwa aliiita supu, lakini aliinywa. Tabu ilianza jua likishuka. Majira ya baridi huku mnayajua: saa kumi jioni dirisha linakuwa la kijivu, na wazee wenye ugonjwa ule huanza kutaka kwenda nyumbani. Mzee Alfred alivaa kofia yake ya kitambaa, akashika kigari chake cha kutembelea, akatoka mlangoni. Alitaka kufika Tarnwell, kijiji alichozaliwa, kabla giza halijaingia.

Mimi, kwa ujinga wa mtu anayependa usahihi, nilimsahihisha. Nilimwambia hapa ni Maryland. Akasema, najua, mimi si mjinga, ila mama ananisubiri. Nikamwambia mama yake alishafariki. Akalia kama mtoto aliyepigiwa simu ya msiba saa ile ile. Kesho yake tena vile vile. Nilimfiwisha mama yake wiki nzima, mpaka Mama Njeri akanivuta pembeni kwenye mashine ya barafu.

"Wewe kijana, wacha hiyo," akaniambia. "Ukishinda hiyo argument utapewa nini, kikombe? Mzee anataka kwenda home. Mpeleke home."

Nikamuuliza nitampelekaje. Akasema ujia ni mrefu, milango ni mingi, mwache akuonyeshe njia. Na akanipa sheria ambayo sijaona nyingine ya kuizidi: usimuulize mzee kama anakumbuka. Ukimuuliza unampa mtihani. Muulize kuna harufu gani.

Basi jioni ile nilimuuliza Mzee Alfred, tukiwa tumesimama nje ya mlango wake, kuna harufu gani. Akainua pua. "Mkate," akasema, na akaanza kutembea.

Hivyo ndivyo nilivyokijua kijiji cha Tarnwell kuliko ninavyoijua wilaya yangu. Mlango wenye shada la majani makavu ulikuwa kwa mwoka mikate, aliyekuwa na kidole kimoja kifupi na aliyewatisha watoto kwamba kilibaki ndani ya mkate wa mtu. Mlango wa pili ulikuwa shule, wa tatu baa, ambako baba yake Mzee Alfred alipitia kwa dakika tano zilizochukua usiku mzima. Kisha nyumba ya mshona viatu, kisima cha pamoja, na nyumba ya dada wawili waliogombana kuhusu bata wakaishi miaka mingi wakigawana jiko bila kusemezana. Kabati jekundu la vifaa vya kuzimia moto lilikuwa kwa mhunzi. Hapo alinyoosha mikono kuota moto. Na mwisho wa ujia, dirisha kubwa lililopata mwanga wa magari, hilo lilikuwa kanisa, na nyumba yao ilikuwa mara tu baada ya kanisa.

Lakini hatukufika kanisani. Kati ya kabati jekundu na lile dirisha kulikuwa na kipande cha ukuta mtupu, rangi ya maziwa, hakina mlango wala picha. Kila tulipofika hapo Mzee Alfred alisimama. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akainamisha macho. Kisha akageuka, tukarudi tulikotoka, naye usiku ule hakulala vizuri.

Nilimuuliza hapa kuna harufu gani. Akaibana kofia kifuani. Nilimuuliza hapa ni kwa nani. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Sasa muelewe kilichokuwa hatarini, maana si mimi tu. Mzee Alfred alikuwa na binti mmoja, Helen, mwalimu wa watoto wadogo. Kila Jumapili alikuja akatembea nasi ujiani akiwa amemwekea baba yake simu ya kurekodi mfukoni. Kule Tarnwell wakazi wa sasa, wengi wao watu waliohamia wakanunua nyumba za zamani na kuzipaka rangi, walikuwa na chama cha historia. Walitaka kusimamisha ubao mkubwa uwanjani, uliochorwa kijiji kilivyokuwa zamani, nyumba kwa nyumba, na jina la kila familia. Vitabu vya kanisa viliwapa majina ya waliozaliwa na waliozikwa, lakini havikusema nani alikaa wapi. Aliyejua hilo alikuwa amebaki mmoja duniani, naye alikuwa na kofia ya kitambaa na alinywa supu yangu ya chai. Helen aliniambia waziwazi: asiyetajwa na baba kabla hajaondoka, basi hatatajwa tena na mtu.

Na karibu nyumba zote zilishatajwa. Lilibaki pengo lile moja. Helen alimbembeleza, akampa biskuti, akaimba nyimbo za shule yao. Mzee alivua kofia, akageuka.

Ninyi ambao mnalala vizuri mkiwa mmeacha droo wazi, hamtanielewa. Pengo lile lilinikera kwenye meno. Nilikuwa nikikunja shuka nikiliona. Nilikuwa nikiendesha gari kwenye barabara ile ya kuzunguka jiji nikilihesabu: mhunzi, ukuta, kanisa. Kitu kimoja tu kinakosekana ili kazi ikamilike, na aliyekishika anakufa polepole mbele yangu.

Jioni moja Helen hayupo, tulipofika kwenye ukuta na mzee akaanza kuinua mkono kwenye kofia, nilimwahi. Nilisema, "Na hapa ni kwa Bibi Ida."

Bibi Ida ni marehemu bibi yangu mzaa mama, wa kule kwetu Makete. Jina alipewa misheni alipobatizwa. Ni jina ambalo hata Uingereza lipo, kwa hiyo halikugonga sikio. Mkono wa mzee ukasimama hewani. Akauliza, Ida gani. Nikamwambia mjane, anakaa peke yake, mlango wake ni mfupi, lazima uiname kuingia, na ndani kuna moshi. Hayo manne tu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu zote, nami naapa hayakuzidi manne.

Mzee akatazama ukuta kwa muda. Kisha akaacha kofia yake kichwani, akasema, "Jioni njema, Ida," akapita. Tulifika kanisani. Tulifika kwao. Aliketi kwenye kiti cha dirishani akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na usiku ule alilala mpaka asubuhi.

Nilijiona fundi. Nawaambia ukweli, nilitembea kuelekea kwenye gari nikijipongeza kwa sauti.

Jumapili iliyofuata alilirudia mbele ya Helen, na simu ikarekodi: mhunzi, Ida mjane, kanisa. Helen alilia kwa furaha, akanikumbatia. Ningesema pale pale. Nilikuwa na dakika nzima ya kusema. Nilimwambia tu kwamba baba leo amechangamka.

Wiki iliyofuata Mzee Alfred alisimama kwenye ukuta akainamisha kichwa upande, akisikiliza. Nikamuuliza vipi. Akasema Ida hasikii vizuri, inabidi umsemeshe upande wa kushoto, anakugeuzia sikio kama kuku aliyeona mwewe.

Bibi yangu alikuwa kiziwi wa sikio la kulia. Aligeuza kichwa hivyo hivyo, kwa mkato, kama kuku. Sikuwahi kumwambia mzee. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote Marekani. Nani angeniuliza masikio ya bibi?

Nilijaribu kujituliza. Wazee wengi ni viziwi, nikajiambia, amebahatisha. Siku chache baadaye akasema Ida ana watoto ndani leo, anawapa uji kwenye kifuniko cha sufuria kwa sababu bakuli hazitoshi. Mimi nimekula uji kwenye kifuniko kile. Kilikuwa cha bati, kimebonyea pembeni, na wajukuu tuligombania upande wa bonde kwa sababu uji ulibaki hapo. Vidole vyangu vilipoa mpaka nikaona haya kumshika mzee mkono.

Asubuhi moja Mama Njeri alipita akisukuma kiti cha bibi yake, akasimama kati ya kabati jekundu na dirisha, akanusa. "Nani anachoma mahindi hapa?" akauliza. Siku ile ile mfanyakazi wa jengo alikuja na kifaa chake cha kupimia moshi, akapima ukuta wote, akafungua kabati, akapanda ngazi akatazama darini. Hakukuwa na kitu. Alipaka rangi mpya kwa usalama, na kwa siku mbili tatu tulinusa rangi. Kisha moshi ukarudi, ule wa kuni mbichi, unaoshika kwenye nguo za sufi. Makete ni baridi, kuni hazikauki. Nao moshi ule naujua.

Nilimpigia mama yangu. Nilimuuliza bibi alikuwa hasikii upande gani, nikitumaini nimesahau. Akanijibu, wa kulia. "Unamwota?" akaniuliza. Nikasema hapana. Akasema, basi kama humwoti, unamtuma. Acha kumtuma bibi wa watu, alishachoka.

Nilikuwa ningali nikitafakari neno hilo Helen alipokuja na bahasha kutoka Tarnwell. Ndani mlikuwa na picha ya mchoro wa ubao, karibu umalizike. Kila kitu kilikuwepo: mwoka mikate, kisima, dada wawili na bata kati yao. Na katikati ya mhunzi na kanisa palisimama nyumba ndogo ya mlango mfupi, ukitoka moshi, na chini yake herufi nzuri za rangi nyeusi: Ida, mjane. Mchoraji aliuliza kama kuna mtu anajua jina la ukoo.

Mama Njeri nilimweleza yote mchana ule. Sikutegemea angenisema kwa upole, na hakunisema kwa upole.

"Hiyo ni uongo ya kulaza mzee, hiyo sina shida nayo," akasema. "Mimi hudanganya kila siku, nikiambia yule mama yangu bwanake yuko kazi. Lakini uongo ya mzee hubaki na mzee. Wewe yako umeipandisha ndege."

Akanitazama, akaongeza kwamba mahali pale pana mtu. Haiwezekani mzee avulie ukuta kofia bure. Kuna watu walikaa pale, nami nimewawekea mgeni juu.

Nilimwambia Helen siku ile ile, kwenye maegesho ya magari, theluji ikianguka nyembamba. Nilisema vibaya, nikianzia katikati. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wiki zote hizi," akasema, "baba yangu amekuwa akitembea kijijini kwenu."

Hakupaza sauti. Aliniambia nisirudi. Nilijiripoti mwenyewe ofisini kabla hajanipigia simu, kwa sababu mtu wa wasiwasi hupenda kufika mapema hata kwenye adhabu. Hawakunifukuza. Walinihamishia kwa mzee mwingine, Oxon Hill, aliyependa kutazama mashindano ya kupika na hakutaka kwenda popote. Helen aliwaandikia watu wa Tarnwell kwamba nyumba ile ifutwe. Wakaifuta. Pengo likarudi pengo, na sasa halikuwa na mtu wa kuliuliza, maana Mzee Alfred aliacha kutembea.

Sisemi sahihi nikisema aliacha kutembea; Mama Njeri ndiye aliyenisahihisha kwa simu. Alitembea. Alitembea mpaka kwa mhunzi akasimama hapo na kofia mkononi, hapiti wala harudi. Walimletea kiti, akaketi hapo hapo. Walimletea chakula, akakataa. Mhudumu mpya alimwambia hapa hakuna nyumba, ni ukuta, gusa uone. Akaugusa, akaurudisha mkono haraka kwenye kofia.

Mwisho Helen alinipigia mwenyewe. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Anamngoja mtu amfungulie. Njoo."

Nilifika jua likiwa limeshashuka nusu. Mzee alikuwa amekonda, kofia ipo magotini. Helen alisimama kando ya kabati jekundu, simu mkononi lakini hakuiwasha. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nimeandaa maneno ya kusahihisha, sahihi kabisa. Nikamwambia kwamba Ida si wa Tarnwell. Ni bibi yangu, nyumba yake iko mbali sana, na mimi nilimweka hapa kwa kukosa subira. Nikamwomba radhi.

Mzee Alfred alinitazama kwa macho yake ya asubuhi, yale matulivu.

"Najua, kijana," akasema. "Nyumba ya mahali hapa, kijijini kwetu, ilikuwa ya mabamba ya mawe, na mlango wake mrefu. Lakini kwetu hakuna aliyefungua. Huyu kafungua."

Nilikumbuka sheria ya Mama Njeri. Nikamuuliza, mlango ukifunguka, kuna harufu gani?

Akafumba macho. Akasema siki. Walikuwa wakinyunyiza siki mlangoni, ugonjwa usitoke.

Na hapo, polepole, huku Helen ameketi sakafuni na bado hakuwasha simu, akatuingiza. Nyumba ilikuwa ya akina Pask. Mama, na watoto watatu: Nora, Wilfred, na mdogo waliyemwita Tuppy. Ulikuja ugonjwa wa koo, ule uliokaba watoto. Baba yao alikuwa mbali kazini. Kijiji kilikubaliana, bila mkutano, kwa macho tu, kwamba mtu asiingie. Chakula kiliachwa ukutani. Siku za mwanzo waliopita waliwapungia mkono dirishani. Kisha mlango ukafungwa kitasa kwa nje, na wanaume wakaanza kuvua kofia wakipita, kama wanavyovulia jeneza. Waliwavulia kofia wakiwa bado hai. Watoto wakaiga.

Nora alikuwa dawati moja na Alfred. Jioni moja Alfred alipokuwa akirudi kwao, Nora alimwita kwa jina kupitia dirishani. Alimwomba afungue kitasa cha nje, kwa sababu mama haamki na ndani kumekuwa giza. Alfred alisimama. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akapita.

Baada ya hapo nyumba ilibomolewa, mawe yakaenda kutengeneza ukuta wa makaburi, na hakuna aliyewataja akina Pask mezani wala kilabuni. Wakipita pale, walivua kofia. Wageni waliohamia wakadhani ni heshima kwa kanisa lililo karibu.

Helen alimuuliza, kwa sauti ndogo sana, Nora yuko wapi sasa. Mzee akaelekeza kidole kwenye ukuta mtupu. Yuko ndani kwa Ida, akasema. Wote wapo. Wanakula. Kisha akaniomba mkono. Nilimpa kiganja wazi. Akasimama, akavaa kofia, akaivuta vizuri. Mbele ya ukuta aliinama, akashusha kichwa na mabega kama mtu anayepita chini ya boriti fupi, ingawa yeye katika maisha yake yote ya kijiji, naamini, hakuwahi kuingia nyumba ya mlango mfupi. Alikaa ameinama hivyo kitambo. Midomo ilikuwa ikisema, lakini hatukusikia. Moshi nilinusa mimi. Helen baadaye aliniambia yeye alinusa siki.

Halafu tukaenda kanisani, na kwao, naye akaomba supu ya chai.

Aliishi mpaka theluji ilipoyeyuka. Ubao ulisimamishwa Tarnwell, Helen alikwenda kuuona na akanionyesha picha. Kati ya mhunzi na kanisa pana nyumba ya mabamba ya mawe yenye mlango mrefu, na mlango huo mchoraji ameuacha wazi. Chini pameandikwa akina Pask, mama na watoto watatu kwa majina. Ida hayupo, na ndivyo inavyotakiwa. Helen anasema wanaume wazee wa vijiji vya jirani bado huvua kofia wakipita, ila sasa wanasimama kusoma.

Mzee wa Oxon Hill alinimaliza mgongo muda si mrefu baadaye, lakini hiyo ni hadithi ya mtu mzito na beseni la kuogea, na hapo kosa lilikuwa la beseni.

Jambo la mwisho. Mwaka ule mvua zilipokwisha Makete, mama alinipigia simu tuzungumze habari za viazi na ada ya mdogo wangu. Katikati ya habari hizo akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba watoto wa jirani wamemwona mzungu mzee kwenye kiwanja cha bibi. Nikamwambia watakuwa wale wa Kitulo, wanaokuja kuangalia maua. Mama akasema ndiyo, wazungu wa maua, atakuwa ndiye. Ila watoto walimcheka. Nyumba ya bibi ilishaanguka, hakuna ukuta, hakuna mlango, ni kichuguu cha udongo na mianzi. Na yule mzee, walisema, alipofika pale ulipokuwa mlango, aliinama. Kofia yake hakuivua. Akainama kama anayeingia.

Ukumbi wote wa Oxon Hill mnanijua. Mnajua kwamba huwa napima maji ya chai kwa kikombe chenye mistari. Swali lilikuwa tayari limenijaa mdomoni: ilikuwa siku gani?

Zamani ningeuliza. Siku ile nilimuuliza mama viazi vimeota vipi.